Kaimu na Kamba Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Daftari hili nimelipata stoo. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa na orodha ya foronya zilizochanika, nimezing'oa. Zilizobaki ni zangu. Nimeanza kuandika kwa sababu leo nina jambo kifuani, na nikilisema kwa sauti ninayotaka kulisemea majirani watakuja kuuliza kuna msiba gani. Nafasi ya msimamizi wa dobi la hospitali imetangazwa!

Miaka sita nimekuwa kaimu. Funguo za stoo ya mashuka zinaning'inia shingoni mwangu, na nikikohoa tu mashine zinazimwa, lakini kwenye kola ya koti langu la kazi lebo imeandikwa KAIMU kwa penseli. Wenzangu wote wameandikwa kwa wino mweusi wa dobi, ule usiotoka hata uuchemshe kutwa. Ofisi ilisema kaimu ni wa muda, penseli inamtosha. Basi koti likifuliwa maandishi yanafifia, na kila Jumamosi naketi na kipande cha penseli kujiandika upya. Watu wameshasahau jina langu. Hata mume wangu ananiita Kaimu. "Kaimu, chai iko wapi?" Miaka sita!

Sasa sharti lenyewe. Mashine mpya zinakuja na vitabu vyake vya Kiingereza, kwa hiyo msimamizi lazima aweze kuandika ripoti kwa lugha hiyo. Mtihani ni tarehe 24 Mei, mvua zikiwa zinaisha. Anayepata hamsini na kuendelea ndiye atakayefikiriwa na Metroni, mkuu wa wauguzi. Chini ya hapo nivue funguo, nirudi kuchambua nguo chafu nilikoanzia. Na karani wa stoo, yule msichana wa juzi, ameomba nafasi hiyohiyo.

Jumatano, 6 Machi
Kuna masomo ya Kiingereza saa ya chakula, chumba cha kupigia pasi, kwa kila mfanyakazi anayetaka. Nikafurahi mpaka nilipoona mwalimu ni nani. Karani! Fisi kakabidhiwa bucha. Anakuja na viatu vya kisigino kwenye sakafu yetu ya maji, ko-ko-ko, kama anapigilia misumari. Nimeshampa jina: Kisigino.

Jaribio la kwanza leo. Nimepata thelathini na moja.

Alhamisi, 7 Machi
Thelathini na moja! Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Jumatatu, 11 Machi
Nimejua ugonjwa wangu. Si kwamba sijui maneno. Nayajua mengi, miaka yote hii nasoma makopo ya sabuni na ya dawa za madoa. Ugonjwa ni kwamba kila neno lao lina ndugu yake anayefanana naye, na mimi namwita huyu nikimtaka yule. Niliandika mashine ni "danger". Kisigino akazungushia wino mwekundu.

"Mama, mashine si danger. Mashine ni dangerous."

"Tofauti yake nini? Si ikikukamata mkono unakwenda?"

"Danger ni jina, ni hiyo hatari yenyewe. Dangerous ni sifa, ni jinsi mashine ilivyo. Jina linasimama lenyewe. Sifa lazima ipate wa kumsifu."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata chembe, lakini singempa raha hiyo.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayeendesha pasi kubwa na kushona lebo zinazofumuka. Alikuwa kaegemea pasi yake anasikiliza kila kitu. Yeye hasomi Kiingereza na hataki. "Wifi," akasema Kisigino alipotoka, "umri huu unaenda kuzungushiwa wino kama mtoto?" Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema angalia usiiname ukakosa kuinuka.

Jumamosi, 16 Machi
Nimejiandika upya kolani. Penseli imebaki urefu wa kidole gumba.

Jumatatu, 18 Machi
NIMEGUNDUA! Ziwekwe mezani: importance, important. Silence, silent. Absence, absent. Difference, different. Tazama mikia! Zenye "ce" mkiani ni majina, zenye "t" ni sifa. Ndiyo hiyo tu! Kisigino alitaka kuificha mpaka Mei. Nimetoka nje na sabuni mikononi nikamwambia mlinzi wa geti. Akasema hongera, sijui alidhani nimepata mjukuu.

Jumatano, 20 Machi
Thelathini na nane.

"Heat" ni jina na lina t mkiani. "Hot" ni sifa na lina t mkiani. "Height" ni jina, na sifa yake ni "high", t imekimbilia wapi sijui. Nimepiga meza. Kisigino akaruka kwenye visigino vyake.

"Mama, kanuni yako ni nzuri, ila haifiki kila mahali."

"Kanuni isiyofika kila mahali si kanuni, ni bahati!"

Mvua imeanza mchana. Mashuka mia mbili yamerudi ndani kwa mashine ya kukaushia, nayo imeanza kukohoa.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua. Mashine inakohoa.

Jumapili, 24 Machi
Leo nikiwa jikoni mume wangu kalala kwenye kiti, nikasema mwenyewe: "Mvivu huyu." Kisha nikasema: "Uvivu wake utamuua." Mwiko ukanidondoka. Mvivu, uvivu! Mrefu, urefu! Mpole, upole! Kumbe na sisi tunavyo! Hakuna mtu aliyewahi kusema wifi yangu ni ukaidi. Tunasema wifi yangu ni mkaidi, na ukaidi wake tunaubeba sisi wengine. Miaka hamsini na mbili nimekuwa nikichagua vizuri bila kuzungushiwa wino na mtu.

Nikamwamsha mume wangu nimweleze. Akasikiliza jicho moja limefumbwa. "Kwa hiyo mimi ni jina au sifa?" Nikamwambia wewe ni sifa, maana huwezi kusimama mwenyewe. Akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatatu, 25 Machi
Nimefanya kitu. Tuna kamba mbili nyuma ya mitungi ya maji moto, zile za kuanikia vitambaa vidogo. Nimechukua lebo tupu za kitambaa, hizi tunazoshona kwenye mashuka kuonyesha ni ya wodi gani, na nimeandika neno moja kila lebo kwa wino wa dobi, kwa herufi kubwa kama tunavyoandika lebo zote. Kamba ya kushoto majina: DANGER, SAFETY, STRENGTH, ANGER. Kamba ya kulia sifa zake, kila moja ikimtazama ndugu yake: DANGEROUS, SAFE, STRONG, ANGRY. Nimezibana kwa vibanio. Kila nikipita na toroli nasoma kushoto, najibu kulia. Jozi kumi na mbili kwa leo.

Kazi yangu ni kutenganisha. Nyeupe na za rangi, za damu na za jasho, za wodi hii na za wodi ile, mikono inajua kabla ya macho. Kwa nini nilidhani maneno yatanishinda?

Jumatano, 3 Aprili
Arobaini na nne! Kisigino kasema "vizuri sana, mama" na nikamtazama machoni nione kama ana hila. Sikuiona, ila watu wa hila ndivyo walivyo.

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua. Mashine ya kukaushia inakohoa na sasa inatema moshi kidogo. Fundi kasema kifaa kimeagizwa. Kifaa kimeagizwa tangu Kristo yuko shule.

Jumanne, 9 Aprili
Jambo la leo silipendi lakini nitaliandika.

Kisigino alikuja dobi peke yake, si saa ya somo. Kasimama mbele ya mashine kubwa ya kufulia, viatu vimelowa, anatazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama, mashuka yakiwa machache, na thieta wanataka na wodi ya watoto wanataka, wa kwanza ni nani?"

Swali zuri. Swali la mtu anayetaka kujua. Na mimi, mtu mzima, nikamjibu: "Kila mtu ana darasa lake, mwanangu. Hili si lako." Akasema asante mama, akaondoka, ko-ko-ko, polepole.

Wifi alisema nimefanya vizuri. Hapo ndipo nilipojua nimefanya vibaya.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimewakusanya wafanyakazi wa dobi wote sita asubuhi nikawaambia: mashine mpya zikija, alama za wodi nazo zitabadilika, tutatumia za Kiingereza, kwa hiyo mtu asishangae akiona lebo mpya. Wakaitikia. Kikao dakika tano. Naandika tu kwa sababu sina lingine la leo. Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili
Jozi thelathini na moja kambani! Ya mwisho ni ile inayonitoa jasho, responsibility na responsible, wajibu na mwenye kuwajibika. Neno refu kama foleni ya dirisha la dawa. Nimeliandika kwenye lebo ikabidi nikunje herufi za mwisho kona.

Jumatano, 24 Aprili
Arobaini na nane. Mbili tu! Mbili! Nimerukaruka kwenye maji ya sabuni. Mwezi mzima umebaki.

Jumatatu, 29 Aprili
Mashine ya kukaushia imekufa saa mbili asubuhi, kwa kishindo, ikatoa moshi mweusi ikanyamaza. Nje mvua ya mawe. Ndani mashuka mia mbili na arobaini yaliyolowa, na kesho thieta ina wagonjwa saba.

Sikuogopa. Kusema kweli nilisisimka! Nikapanda juu ya sanduku la sabuni nikagawa kazi: kamba korido yote, kamba juu ya mitungi ya maji moto, kamba chumba cha pasi, feni zote za ofisi zije hapa hata ya mhasibu. Shuka likiacha kuchuruzika linakwenda kwa wifi analimalizia kwa pasi. Mvuke ulijaa tukawa tunatambuana kwa sauti. Kisigino alileta feni tatu mikononi mwake. Sikupata nafasi ya kumshukuru. Jioni thieta walikuwa na mashuka yao yote, makavu, yamekunjwa. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeahirishwa. Nimerudi nyumbani miguu haipo, lakini kichwa kiko mawinguni.

Jumanne, 30 Aprili
Vivyo hivyo. Mvua, kamba, feni, pasi. Wifi amefanya kazi ya watu watatu. Kasema kwa majigambo: "Na zile lebo zako mpya nimeshazimaliza." Nilikuwa nasukuma toroli, nikasema haya, vizuri, nikapita. Lebo gani? Sikuuliza. Nitamuuliza kesho.

Jumatano, 1 Mei
Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi nilipita nyuma ya mitungi nikatazama kushoto nisome, na kamba ilikuwa na shuka. Kulia, shuka. Vibanio vyangu vimepangwa vizuri ndani ya kikapu. Lebo hakuna. Nikamwendea wifi.

"Wifi, zile lebo za kambani ziko wapi?"

"Si nimeshona! Jana na juzi. Wewe ulisema alama mpya ni za Kiingereza. Nikaziona zimeandikwa kwa wino, zimeanikwa, zimekauka. Sitini na mbili. Nikafumua za zamani nikashona hizo." Akafuta jasho, uso unang'aa. "Nilitaka usiwe na wasiwasi, wifi. Najua una mtihani."

Mtu kakesha kwa mapenzi. Mara simu ya ukutani ikalia. Ilikuwa wodi ya upasuaji. Mgonjwa anayesubiri kupasuliwa kaamka, kageuza shuka, kakuta pembeni pameandikwa DANGER. Kashuka kitandani na dripu yake, yuko koridoni na hataki kurudi. Jirani yake ana ABSENT, yaani hayupo, na anauliza kama amefutwa kwenye orodha ya kupasuliwa. Mwenye SILENT, mkimya, anachekwa chumba kizima kwa sababu ya jinsi anavyokoroma.

Saa nne nilikuwa mbele ya Metroni. Metroni hapandishi sauti, anaweka tu miwani mezani. Na lebo moja ilikuwa mezani pia: DANGEROUS.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, Metroni."

"Nani aliishona?"

Wifi alikuwa ameniambia miaka mingi iliyopita kwamba ana barua ya onyo, kwa sababu ya gauni la daktari aliloliunguza. Barua ya pili ni kufukuzwa. Ningeweza kusema jina lake na ingekuwa kweli tupu. Kiti cha msimamizi nilikiona kabisa, kimebebwa kinatoka mlangoni.

"Lebo ni zangu, Metroni, na dobi ni langu. Nilitangaza alama mpya, nikaanika maneno yangu kazini, sikumweleza mtu. Aliyeshona alinitii."

"Nimekuuliza jina."

"Nimekupa, Metroni. Ni langu."

Akavaa miwani. "Mashuka yote sitini na mbili yarudi kwenye hali yake kufikia kesho jioni. Na wewe utaandika ripoti ya tukio hili. Kwa Kiingereza. Tarehe 24, hapa, mbele yangu. Huo ndio utakuwa mtihani wako. Nikiisoma nisielewe, utanikabidhi funguo hapohapo."

Nilitoka nikatembea mpaka mwisho wa korido. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mlangoni pa wodi ya kwanza nilimkuta Kisigino. Mguuni alikuwa na mabuti ya mpira, makubwa kuliko yeye, ya fundi bila shaka. Mkononi mikasi miwili.

"Mama, wewe anza kulia, mimi kushoto."

"Nani kakwambia?"

"Hospitali nzima inajua. Twende kabla wengine hawajageuza mashuka."

Ningekuwa mimi ni yeye, na mshindani wangu kaanguka hivi, ningekuja na mikasi? Najua jibu, na sitaliandika hapa.

Tulipita kitanda kwa kitanda. Kila mgonjwa alitaka kujua lebo yake inasema nini, na kila mmoja nikamweleza, hii ni jina, hii ni sifa, ndugu yake yuko kitanda kile. Wakaanza kutafutana! Mwenye STRENGTH, nguvu, alikuwa mzee aliyeshindwa kunyanyua kikombe, na mwenye STRONG kijana wa jirani yake, basi kijana akamnyanyulia kikombe huku wote wanacheka. Wa DANGER nilimfuata koridoni mwenyewe. Nikamwambia, baba, hilo ni neno la darasani kwangu, halijui hata tumbo lako linauma wapi. Akarudi kitandani.

Kulikuwa na bibi mmoja wa nyonga iliyovunjika. Lebo yake ANGRY. Nilipoleta mkasi akanishika mkono.

"Inasema nini hiyo?"

"Inasema mtu mwenye hasira, bibi."

"Basi si mmepatia? Iacheni. Hawa wauguzi wajue mapema."

Lebo sitini na moja zimefumuliwa. Moja bado iko wodi ya wanawake, kitanda cha nane.

Alhamisi, 2 Mei
Tumemaliza kurudishia lebo za wodi saa tisa alasiri. Tukakaa juu ya marobota ya mashuka, mimi na Karani. Nimeona aibu kuendelea kumwita Kisigino na miguu yake iko ndani ya mabuti yale. Nikamwambia bila kuulizwa:

"Thieta kwanza, kwa sababu tumbo lililofunguliwa halisubiri. Pili watoto wachanga, hawana ngozi ya kuvumilia. Tatu wodi ya wazazi. Ofisi za wakubwa mwisho, wao wana makoti."

Alitoa kijitabu akaandika. Kisha akacheka. "Wiki tatu nilikuwa naogopa kukuuliza tena."

"Wiki tatu mimi nilikuwa naogopa utaniuliza."

Jumatatu, 6 Mei
Mvua. Arobaini na tano. Nimerudi nyuma! Karani kasema ni uchovu. Mume wangu kasema ni uzee. Nimempa kila mmoja jibu lake.

Alhamisi, 9 Mei
Kamba mbili zimerudi, sasa ziko ndani ya kabati langu, na nje nimebandika karatasi: HIZI SI ZA MASHUKA. Wifi kaipita bila kuisoma kwa sauti kama kawaida yake. Hanitazami vizuri siku hizi. Nadhani amechoka.

Jumatano, 15 Mei
Hamsini na moja!!! Nimeikata karatasi ya jaribio nimeibandika kwenye ukurasa huu. Mume wangu katoka nje kaitangazia barabara: "Kaimu kafaulu!" Nikamwambia hilo ni jaribio tu. Akasema na yeye anajaribu tu sauti.

Jumatatu, 20 Mei
Mvua inakatika. Leo saa mbili za jua. Tumeanika nje mashuka mia moja na yote yamekauka. Nimesimama katikati yake nikasoma kushoto, kulia, bila lebo yoyote.

Alhamisi, 23 Mei
Kesho. Nimezisoma kamba zote mbili kabla ya kufunga kabati.

Ijumaa, 24 Mei
Nimeandika! Sijui nimepata ngapi ila nimeandika!

Tulikuwa wawili ofisini kwa Metroni, mimi na Karani, kila mtu na meza yake. Yeye alipewa swali la kwenye kitabu. Mimi karatasi tupu. Dakika kumi nzima sikuandika kitu. Kalamu ilikuwa nzito kama shuka lililolowa. Kisha nikajiona nyuma ya mitungi na toroli, kushoto jina, kulia sifa, na mkono ukaanza wenyewe. Niliandika mvua ilivyokuwa na mashine ilivyokufa. Niliandika thieta hawakukosa shuka hata moja. Nilipofika kwenye kosa, kwamba aliyeshona hakukosea na wa kuwajibika ni mimi, niliandika polepole: "The worker who sewed the labels did good work. I did not explain. I am responsible. It is my responsibility." Lile neno refu nililiandika mara mbili, la kulia na la kushoto, liwe limekaa huku na huku nisije nikakosa pa kulipata. Herufi zote zilitosha kwenye mstari.

Wakati natoka, nilimkuta wifi kakaa kwenye benchi nje ya mlango, na koti lake la Jumapili. "Unafanya nini hapa?" Akasema amekuja kuuliza habari za likizo. Siku ya Ijumaa, saa nne, pasi ikiwa imewaka.

Jumatano, 29 Mei
Hamsini na nne.

Metroni alitusomea wote wawili. Karani tisini na moja, mimi hamsini na nne. Nikajua hamsini zimepita lakini nani anachagua hamsini na nne mbele ya tisini na moja?

"Nimemuuliza Karani swali moja," Metroni akasema. "Mashine ikifa tena mvua ikinyesha, utafanya nini? Unajua alinijibu nini? Alisema, nitamwita huyu mama. Basi nimeona nimfupishie njia." Akanisogezea barua. Nafasi ni yangu! Ni yangu, ni yangu! Na Karani ndiye msaidizi wangu wa vitabu na mashine mpya, na alinikumbatia kabla sijaisoma hata barua yenyewe.

Metroni akaniambia nibaki. Akafungua droo, akatoa lebo ile ya DANGEROUS, nyuzi bado zinaning'inia.

"Mshono huu unalala kushoto. Dobi lote lina mtu mmoja tu anayeshona kwa mkono wa kushoto. Nilijua tangu siku ile kabla hujaingia. Na Ijumaa alikuja mwenyewe kuniambia. Amejua kwa Karani kwamba ulilibeba peke yako. Alilia hapo ulipokaa."

"Metroni, barua ya onyo..."

"Onyo gani? Ripoti niliyonayo inasema aliyeshona alifanya kazi nzuri. Mimi naamini ripoti." Akavaa miwani. Nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Jumamosi, 1 Juni
Jua tupu, la asubuhi mpaka sasa.

Jumamosi ni siku ya kujiandika. Nimetoa koti langu kwenye kabati na kipande changu cha penseli, nikageuza kola. KAIMU haipo. Lebo imefumuliwa, na mahali pake imeshonwa nyingine, mpya, nyeupe, tupu. Nimeigeuza nikatazama mshono. Unalala kushoto.

Wifi alikuwa kasimama nyuma yangu, na chupa ya wino wa dobi mkononi.

"Mimi sijui inaandikwaje," akasema. "Ningeshona kosa jingine. Andika mwenyewe."

Nikaipokea chupa. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Jumatatu saa ya chakula, kuna nafasi kwenye darasa la yule msichana?"

"Ipo, wifi. Utazungushiwa wino mwekundu."

"Na azungushe."

Mume wangu, alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: sasa atakuwa ananiita nani? Nikamwambia alinioa ana jina langu mdomoni, alitafute alikoliweka.

Nimeitupa penseli. Nimetandaza kola mezani, nimechovya kalamu, nimeandika jina langu lote, la kwanza na la baba yangu, na chini yake MSIMAMIZI. Nimelipuliza likakauka. Halafu nimelitia koti kwenye maji yanayochemka, nikasimama pale kuangalia, na maandishi hayakutoka.